Sahani Haivuki Tupu

Kuskusi ilikuwa imeshaliwa na sahani imeshaoshwa, lakini Batoul alikuwa bado amekaa jikoni akiikodolea macho kama mgeni asiyejua kuaga. Ilikuwa sahani pana, nyeupe, yenye samaki wa buluu katikati. Zhour, jirani wa mlango unaotazamana na wao, ndiye aliyeileta baada ya sala ya Ijumaa, imejaa mboga saba, nyama juu, zabibu kavu na vitunguu juu ya nyama, maana Zhour hajui kufanya jambo nusu. Sasa sahani ilikuwa inadai.

Katika kichochoro chao kule Salé, Moroko, nyumba zimebanana hata ukipiga chafya huku unaombewa rehema kule. Na humo sahani ya jirani hairudi tupu. Hakuna aliyeiandika sheria hiyo, lakini kawaida ni kama sheria. Ukiletewa supu, rudisha mkate wa kukaanga. Ukiletewa mkate, rudisha dengu. Kuirudisha tupu ni kumwambia mwenzio usinijue nisikujue, na kesho yake kichochoro kizima kitauliza mmegombania nini.

Na Batoul alikuwa amechoka, jamani. Si ule uchovu wa kulala ukaamka umepona. Tangu alfajiri alikuwa akisokota vifungo vya hariri vya majoho ya watu, vidole vimechubuka kwa uzi. Mama mkwe wake, Mi Rqia, alikuwa kitandani mwaka wa pili, ageuzwe, alishwe, na kubwa kuliko yote, asikilizwe. Mumewe Allal alilinda ghala usiku na kukoroma mchana. Juu ya yote hayo, sahani. Zhour akileta, yeye arudishe. Akirudisha, Zhour alete tena. Tena si kurudisha chochote, maana mkono wa Zhour unasifiwa hadi sokoni. Miaka mitatu walikuwa hivyo.

"Si umrudishie tu," alisema Allal, aliyeamka kutafuta chai.

"Nimrudishie na nini?"

"Na sahani."

"Wewe umekulia wapi, Allal?"

"Humu humu. Ndiyo maana nimechoka."

Alisema kwa mzaha, akarudi kulala, lakini neno lilibaki jikoni. Batoul alilipima. Zhour ndiye aliyekuwa na ufunguo wa pili wa nyumba yao. Zhour ndiye aliyemsaidia kumnyanyua Mi Rqia siku alipoanguka bafuni. Kumkosa Zhour ilikuwa sawa na kukatwa mkono, na mikono yenyewe ilikuwa haitoshi. Akafungua kabati, akaona unga, akaona dengu, akaona vitunguu, na machozi yakamtoka kwa kuviona tu. Akalifunga. Akaifunika sahani kwa kitambaa ili madirisha yasione, akavuka.

Zhour alifungua mlango akiwa amejifunga mtandio vibaya, mkono mmoja kiunoni. Akafunua kitambaa. Akamtazama samaki, samaki akamtazama.

"Kitambaa kizuri," alisema.

"Zhour, usinielewe vibaya."

"Nimekukosea nini?"

"Hujanikosea kitu. Nimechoka, dada yangu. Sahani yako imenishinda. Ichukue uiweke kabatini, upige na kufuli."

"Sahani yangu?"

"Ya nani basi?"

"Batoul, hii si sahani yako?"

"Niwe na sahani ya samaki mimi? Mimi samaki wananichefua tangu mimba ya kwanza."

Zhour akajishusha taratibu, akaketi kizingitini na sahani mapajani. "Kila Ijumaa naamka kumenya maboga na mgongo huu," alisema. "Nasema moyoni, sahani ya Batoul imo ndani kwangu, na Batoul kaleta kizuri, nisije nikaaibika. Kumbe nimekuwa nikikuletea sahani isiyo yako."

"Nami nikikurudishia."

Wakacheka. Kilikuwa kicheko cha watu waliochoka, kisicho na sauti, cha mabega tu. Dirisha moja lilifunguka juu, kisha jingine, na Batoul akamshika Zhour mkono, akamvusha hadi nyumbani kwake kabla kichochoro hakijaomba kuelezwa.

Mi Rqia alikuwa haoni vizuri, ila masikio yake yalikuwa ya paka. "Nipeni," alisema kutoka kitandani, ingawa hakuna aliyekuwa amemwuliza kitu. Akaipapasa sahani ukingoni mpaka kidole kikafika penye pengo. "Hii ya Hniya, wajinga nyie. Ilipata pengo siku alipomrushia paka."

Hakuna aliyecheka tena. Hniya, mke wa Si Mekki, yaani Bwana Mekki, wa mlango wa kijani kule mwisho, alikuwa amefariki miaka mitatu iliyopita.

Batoul akakumbuka. Siku tatu za matanga, moto haukuwashwa kwa Si Mekki. Wao ndio waliopika, wakapeleka vyakula kwa sinia na masufuria, wakaosha, wakapanga. Jioni ya siku ya tatu kila mwanamke alikusanya vyombo vyake na kwenda zake. Zhour aliikuta ya samaki kati ya vyake, akadhani ni ya Batoul, akamrudishia na dengu. Ndivyo ilivyoanza. Na tangu jioni ile hakuna sahani iliyovuka tena mlango wa kijani. Mwanamume mwenyewe hakuwa na cha kuwapelekea, kwa hiyo hakuna aliyekuwa na cha kumrudishia. Walimwona kila siku akipita na mkate nusu na kopo la dagaa kwapani, wakamwitikia salamu.

"Mimi nilidhani wewe unampikia," Zhour alisema.

"Mimi nilidhani wewe."

Batoul aliona aibu hata akashindwa kuketi. Wao wawili walikuwa wakishindiliana chakula hadi wakakichukia, na njaa ilikuwa hatua chache kutoka hapo.

"Basi mpelekeeni," alisema Mi Rqia. "Na isivuke tupu."

Zhour akaenda kupasha moto kuskusi iliyobaki kwake. Batoul akafungua lile lile kabati, akachukua dengu. Jua lilikuwa linazama walipobisha mlango wa kijani, sahani mkononi mwa mmoja na bakuli mkononi mwa mwingine.

Si Mekki alifungua. Koti lake lilikuwa na vifungo viwili, kimoja si chake. Hakutazama chakula. Alisogeza kuskusi kidogo kwa kidole pembeni, mpaka mkia wa samaki ukaonekana.

"Niliitafuta sana," alisema. "Nikasema labda niliivunja mwenyewe nikasahau, nilivyokuwa siku zile."

"Tusamehe, Si Mekki," Batoul alisema. "Tulipaswa..."

"Aa, mna kazi nyingi nyie," alisema, bila kinyongo chochote. Akaipokea sahani kwa mikono yote miwili na kuingia nayo ndani.

Afadhali angewatukana. Batoul alirudi kwake, akamgeuza Mi Rqia, akalala bila kuvua soksi.

Asubuhi ya pili mlango uligongwa. Alipofungua hakuona mtu, ila Si Mekki kwa mgongo, akitembea haraka kurudi kwake kama aliyeiba. Kizingitini palikuwa na sahani ya samaki. Juu yake viazi vya kuchemsha na maganda yake, na pembeni chumvi na bizari nyembamba vimerundikwa kwa uangalifu.

Batoul akaketi jikoni, akala. Alikula vyote, hata vile vilivyokuwa vibichi katikati. Kisha akaiosha sahani, akaipangusa, akajishika kiuno na kufungua kabati kutazama kuna nini cha kupika.