Mbuzi wa Mtihani

Deka alirudi kutoka bondeni na kikapu cha maganda ya mgunga kichwani, akaiona ngozi kabla hajamwona mtu yeyote. Ilikuwa imetandazwa juu ya ua wa miiba nyuma ya jiko, mbichi bado, na nzi walikuwa wameshapata habari. Akasimama. Akajiambia kwamba mbuzi weupe wamejaa tele Buralio. Ukitaka kusema kweli, karibu wote ni weupe. Kisha akakiona kigingi cha Addow, mbuzi wake, na kamba tupu, na chini yake, vumbini, ule ukanda wa shingoni wenye kibati cha nambari saba.

Kikapu kikamponyoka, maganda yakatawanyika uani.

Addow hakuwa mbuzi wa kitoweo. Addow alikuwa mtihani. Mwaka huo watahiniwa wa Kilimo wa shule ya sekondari ya Buralio, wote kumi na mmoja, walipewa mradi wa kunenepesha beberu aliyehasiwa: umlishe, umpe dawa ya minyoo, umpime uzito mbele ya mwalimu, na mwishoni mkaguzi aje kutoka Nairobi amkague akiwa hai, amesimama kwa miguu yake minne. Hapo mwishoni ndipo alama nyingi zilipokuwa. Deka alitaka kwenda chuo cha utabibu wa mifugo, hakutaka kingine chochote chini ya jua, na chuo hicho hakimchukui mtu asiye na B ya Kilimo. Kidato cha kwanza alikuwa akishika mkia katika somo hilo. Sasa alikuwa akiongoza, na hakuna aliyempa nafasi hiyo bure. Mwalimu Abdiqani alikuwa amemwambia wazi: mradi ukienda vizuri, B ipo mkononi, mradi ukiharibika, ataishia kwenye C, na C kwa chuo kile ni sawa na kutosoma kabisa.

Baba yake, mzee Korane, alitokea pembeni ya jiko akinawa damu mikononi, uso umemchanua.

"Deka! Umechelewa. Mtu wako amefika."

"Mtu gani, Aabo?"

"Wa serikali. Wa mbuzi. Alikuwa aje kesho, lakini wanasema kesho barabara ya Liboi itafungwa, kwa hiyo askari wamemleta leo. Alhamdulillahi, amenikuta nyumbani." Mzee akashusha sauti kama mtu anayetoa siri ya biashara. "Nimemchinjia kwa mkono wangu. Na mafuta yake, wallahi, sijaona mafuta kama yale tangu kabla ya ukame. Akimaliza kula, atakuandikia mia."

Kabla hujamcheka Korane, kaa kidogo mahali pake. Miezi yote alimwona binti yake akimlisha yule mbuzi kwa mkono, akikataa achungwe na wengine, akisema mkaguzi anakuja kwa ajili ya Addow. Sasa mtu mzima afunge safari kutoka Nairobi, avuke Tana, apite Dadaab na vizuizi vyote vya polisi, aje kumtazama mbuzi kwa macho kisha ageuze gari? Hiyo ni akili ya nani? Mbuzi ananenepeshwa kwa ajili ya mgeni, mgeni amefika, mbuzi amechinjwa. Mifugo mingine kaka zake Deka walikuwa nayo mbali, ikifuata malisho, na nyumbani alibaki Addow peke yake. Lakini hata boma lingekuwa limejaa, Korane angemchagua huyo huyo, kwa sababu mgeni hupewa aliye bora.

"Aabo, huyo mbuzi..."

Mkono ukamdaka kiwiko kutoka nyuma, ukamvuta mpaka ndani ya jiko. Ulikuwa wa mama yake, Lul.

"Nyamaza," mama alinong'ona. "Nimeshajua. Niliporudi kisimani kisu kilikuwa kimeshapita."

"Hooyo, ni mtihani wangu!"

"Ni mtihani wako. Na yule ni baba yako, na mgeni ameshakaa mkekani. Ukimwambia sasa, ataingiaje pale na sinia? Mgeni haambiwi alichokula kimegharimu nini. Na baba yako haambiwi leo." Lul akajifuta macho kwa ncha ya shela, akausingizia moshi.

Nyama ilipoiva sinia likapelekwa mkekani, na Bwana Muthengi, yule mkaguzi, akaanza kula. Alikuwa mtu mnene, mpole, na tangu Garissa hakuwa ametia tumboni kitu zaidi ya chai na biskuti. Hakujua neno la Kisomali, na Korane alikuwa na Kiswahili cha mnadani tu, cha kutosha kuuza ng'ombe na kukaribisha watu.

"Kula, bwana! Nyama fizuri! Fizuri sana!"

"Mzee, nyama kama hii kwetu hatuioni kabisa," mkaguzi alijibu, akichukua ubavu mwingine.

Deka aliyasikia yote kutoka jikoni, na akamchukia mtu yule kwa moyo wake wote. Alizijua mbavu zile. Kila Ijumaa alizipapasa kwa vidole kusikia kama nyama inaongezeka, na ilipoongezeka alikuwa anacheka peke yake zizini kama mwendawazimu. Sasa zilikuwa zinawekwa kando ya sinia, moja baada ya nyingine, safi.

Mwalimu Abdiqani akaingia uani na pikipiki, vumbi mpaka kwenye kope. Habari za mkaguzi zilikuwa zimemkuta darasani. Deka alipomtokea, alianza kusema, "Deka, mtoe mbuzi haraka, mkaguzi ana dakika chache tu," ndipo jicho lake likaangukia ua wa miiba. Akautazama mkeka, akaitazama ngozi, na rangi ikamtoka.

"Sema si yeye."

"Ni yeye, Mwalimu. Aabo alidhani ndivyo inavyotakiwa."

Abdiqani akajishika kichwa. Mwaka uliopita shule ilifutiwa matokeo ya Kilimo kwa sababu wanafunzi wawili walionyesha mbuzi wa kuazima. Darasa zima liliumia, na yeye nusura afukuzwe. Na mkasa wa leo ulikuwa mbaya zaidi, kwa sababu mkaguzi anayekula cha mtahiniwa amekula hongo, hata kama alidhani anakula chakula cha mchana.

"Kila mtu aliyekaa pale ameshaharibikiwa," alisema, "ila hana habari."

Kisha akafanya jambo moja, na baadaye angeweza kuapa kwamba hakusema neno. Alitazama ng'ambo ya ua, kwenye boma la Abdiwali, ami yake Deka, ambako beberu mweupe alikuwa amefungwa kivulini. Akamtazama Deka. Akautazama ule ukanda wenye kibati, ambao Deka alikuwa ameuokota na kuushika. Kisha akavua viatu na kwenda kumsalimu mgeni.

Deka alibaki pale. Wazo halikuwa zuri, na alijua halikuwa zuri, lakini miguu ilikuwa imeshaanza kwenda. Nyumba ya ami haikuwa na mtu. Alimfungua yule beberu, akamvuta kupitia pengo la ua, akamfunga kwenye kigingi cha Addow na kumvika ukanda shingoni. Beberu akakohoa. Kilikuwa kikohozi kikavu, cha kifuani, na Deka, ambaye siku nyingine angemwinamia amsikilize mapafu, alimziba mdomo kwa kiganja.

Mgeni alinawa. Korane na mwalimu wakaswali alasiri. Walipomaliza, askari mmoja akaja kusema msafara unaondoka upesi kuliko walivyopanga, na Bwana Muthengi akainuka na makaratasi yake.

"Basi tumalize hapa hapa, halafu nipite kwa wengine. Deka Korane, nambari saba."

Deka akaongoza njia kwenda nyuma ya jiko. Mkaguzi akafuata, na mwalimu, na nyuma yao Korane, akichokonoa meno kwa kijiti, ametulia kama bwana harusi. Lul alisimama mlangoni mwa jiko. Ngozi alikuwa ameshaificha.

Bwana Muthengi akainama. Akakisoma kibati. Akapitisha mkono mgongoni mwa mbuzi, akashuka kwenye mbavu, akabonyeza, akabonyeza tena. Akayatazama makaratasi, ambamo mwalimu alikuwa ameandika uzito, kisha akamtazama tena mbuzi. Mbuzi akakohoa.

"Ndiye huyu?"

Deka aliinamisha kichwa. Ungeweza kusema amekubali, na ungeweza kusema ameangalia miguu yake tu. Mwalimu Abdiqani alikuwa anaangalia ya kwake.

Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa amemfikiria Korane.

"Huyu anafanya nini hapa?" mzee aliuliza kwa Kisomali, kwa sauti. "Huyu si wa Abdiwali? Mbona anamshika mbavu?" Akasogea mbele, akamtazama mgeni, na taratibu uso ukaanza kukunjamana. "Deka. Anadhani ndiye huyu? Anadhani nimemficha aliye mnono, nikampa yeye kitu kingine?"

"Aabo, tafadhali..."

"Mwambie!" Korane alijipiga kifua. Jambo hili lilikuwa kubwa mno kwa Kiswahili chake cha mnadani. "Mwambie huyu si wako. Mwambie aliye bora nimemchinjia yeye, yuko tumboni mwake. Korane hamfichi mgeni mbuzi!"

Mkaguzi akanyoosha mgongo. "Mzee anasema nini?"

Wote wakamgeukia Deka.

Ilikuwa rahisi. Maneno mawili matatu tu: anasema karibu tena, anasema safari njema. Baba asingejua, na mkaguzi angeandika, na ile B ingekuwa yake. Alimwona mwalimu akimwomba kwa macho. Alimwona mama yake ameshika mlango.

Kisha akamtazama baba yake. Macawisi yake, ile shuka ya kiunoni, ilikuwa na tone la damu karibu na pindo. Miaka ya ukame ilimlia mzee huyu ng'ombe mmoja mmoja mpaka wageni wakaacha kupita kwake, kwa huruma. Leo mgeni alikuwa amekula akashiba. Na Deka akisema anasema safari njema, basi ndani ya kichwa cha yule mtu mnene, Korane atabaki daima mzee aliyemfunga mbuzi huyu wa kikohozi kigingini kama ndiye fahari ya nyumba yake. Alama aliweza kuziiba. Hilo hakuliweza.

"Anasema huyu si mbuzi wangu," alisema. "Anasema wangu alikuwa bora kuliko huyu. Ndiyo maana alikuchinjia wewe. Ndiye uliyemla."

Bwana Muthengi alivitazama vidole vyake, ambavyo vilikuwa bado vinang'aa mafuta.

"Na ukanda?"

"Nimeufunga mimi."

"Wewe na nani?"

Hakugeuza kichwa. "Mimi peke yangu."

Mkaguzi akainama, akaufungua ukanda mwenyewe, akauweka kwenye kiganja cha Deka na kukikunja.

"Ukanda huu sikuuona shingoni mwa mbuzi huyu," alisema polepole. "Nikiuona, wenzako kumi wanaumia, na wao hawajachinja wala hawajala. Lakini mbuzi asiyekuwepo siwezi kumpa alama. Sehemu yako ya mwisho ni sifuri. Na nilichokula mimi nitakwenda kukisema kwa wakubwa zangu kwa mdomo wangu, waamue watakavyonifanya." Akaandika. "Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

"Pole, binti yangu. Mwambie baba yako..." Akakunja makaratasi yake. "Mwambie asante."

Neno hilo, asante, Korane alilijua. Akacheka, akamvuta Deka mkono wa nguo.

"Lakini amesema mengi. Asante haina urefu huo. Amekupa ngapi?"

Deka alikibana kibati kiganjani mpaka ukingo wake ukamuuma. Mwalimu Abdiqani, aliyekuwa anazijua lugha zote mbili, aligeukia ukuta wa jiko.

"Amesema hajawahi kula mbuzi kama yule," Deka alimwambia baba yake. "Amenipa mia, Aabo."

Mzee aliushika mkono wa mkaguzi kwa mikono yake yote miwili, akautikisa, akautikisa tena, huku machozi yakimlengalenga na "fizuri, fizuri" ikimtoka bila kukoma. Bwana Muthengi hakujua Kisomali, lakini aliuona uso ule, akamtazama msichana, akajua alichoambiwa mzee. Naye akautikisa mkono wa Korane, akainama kidogo, kama mtu aliyetoa zawadi.

Gari lilipoondoka, Deka alimfungua beberu wa ami yake kumrudisha. Aliokota maganda machache yaliyokuwa yametapakaa uani, akampa, na safari hii akaliweka sikio lake ubavuni mwake, asikilize. Nyuma yake baba alikuwa amesimama juu ya gogo, ameshika ua, akiita kijiji kizima.

"Abdiwali! Uko wapi, Abdiwali? Njoo usikie! Mia!"