Taa ya Utelezi

Miaka ishirini na sita nimefundisha watu kuendesha gari, na sheria yangu ni moja: umewasha kitu, nionyeshe taa yake. Taa haionekani, hujawasha. Kwa magari yangu mawili ya shule, yaliyochoka kama mimi, sheria hiyo haijawahi kuniangusha.

Sasa binti yangu kanunua gari la michezo. Jekundu, limelala chini, na viti vyake vinakukumbatia bila kuombwa. Alikuja nalo Jumamosi asubuhi, mvua imetoka kukatika, akasema, "Baba, twende unielekeze. Naliogopa kidogo." Nilifurahi mno, ila sikuonyesha.

Kando ya gia palikuwa na kitufe chenye picha ya gari na mistari miwili iliyopinda nyuma yake.

"Hiki cha nini?" akauliza.

"Cha kuzuia utelezi," nikabahatisha.

Akafungua kitabu cha gari. "Kinga ziko mbili, baba. Ya matairi yasizunguke bure, na ya gari lisiyumbe kwenye kona. Wanasema ukibonyeza mara moja ni ile ya matairi, ukishikilia sekunde tano ni zote mbili, ila..."

"Ila nini? Barabara imelowa. Taa yake inawaka?"

"Haiwaki."

"Basi shikilia."

"Lakini baba, hapa..."

"Hicho kitabu kina leseni? Shikilia!"

Akashikilia. Taa ya njano ikawaka. Nikaegemea kiti, roho kwatu.

Kwenye kona ya kituo cha mafuta alikanyaga mafuta kidogo tu. Nyuma ya gari ikatuponyoka. Tukazunguka, kituo nikakiona mara mbili, tukasimama tunatazama tulikotoka, tairi moja juu ya ukingo wa barabara. Hakuna aliyeumia.

Binti yangu aliachia usukani.

"Ni mimi," akasema. "Siku zote nina mguu mzito. Kesho nalirudisha. Mimi sikuumbiwa usukani."

Niliokota kitabu miguuni. Nikasoma mara ya kwanza, sikuelewa. Mara ya pili nikadhani wamekosea kuchapa. Taa ikiwaka tuli, umezima. Isipowaka, mtambo uko kazini. Ikipepesa, ndiyo inakuokoa. Nani alipanga mambo hivi? Kichwa kilinivurugika kabisa. Nilichoelewa ni kimoja tu: nikifunga kitabu na kunyamaza, gari litarudishwa, nami nitabaki mwalimu.

"Si wewe," nikasema. "Ni mimi niliyekufanya uzizime zote mbili."

Hakukasirika, na nilitamani akasirike.

"Na mtihani wa leseni," akauliza polepole, "nilipofeli mara tatu kwenye gari lako, ukaniambia nina mguu mzito. Hapo napo nilikuwa mimi?"

Nilifungua mdomo nimjibu papo hapo, kama kawaida yangu. Nikakumbuka klachi ya gari lile ilivyokuwa ikishtuka, na kwamba nilikuja kuibadilisha mwaka jana tu, na kwamba miaka yote hiyo nimewalaumu watu miguu yao. Aibu ilinipanda mpaka masikioni.

"Sijui, mwanangu," nikasema.

Nikanyoosha mkono, nikabonyeza kile kitufe mpaka taa ya njano ikazimika.