Mkono Ndani ya Manyoya

Marehemu mke wangu alikuwa na amri moja: nyasi za bondeni haziguswi mpaka aseme yeye. Tulizizungushia seng'enge, tukazilinda kama mboni ya jicho, ziwe akiba ya kiangazi kwa kondoo wenye mimba. Kila asubuhi alisimama kwenye mlango wa zizi akipitisha mkono mgongoni kwa kila kondoo anayetoka. Nikimtania, "Mama Vidole, leo umempapasa nani?" alinijibu, "Wewe tazama mbuzi wako, baba."

Huu ni mwaka wa kwanza naamua peke yangu. Jamani, nina hamu na ule ubishi wetu kuliko hata chakula chake. Nyumba imekuwa kimya hadi nasikia birika likipoa, na chai ndiyo kitu pekee ninachopika.

Binti yetu hupiga simu kila Jumapili kutoka mjini.

"Baba, umefungua bonde?"

"Bado. Mvua iko mbali. Nikifungua sasa, wakizaa watakula mawe?"

"Mifugo lakini ina hali gani?"

"Inang'aa! Ungewaona mbuzi walivyonona."

"Na wewe?"

"Buheri wa afya. Usiniletee habari za kuja kunilea."

Sikusema uongo. Mbuzi walinona kweli, na kondoo nao walionekana wamejaa kama mito ya kulalia. Nikajipongeza: "Mzee, kumbe hata bila yeye unaweza."

Jumatano, kondoo aliyekuwa kipenzi chake, yule mwenye doa jichoni, alilala kilimani asiinuke. Nikamshika nimnyanyue, mkono ukazama kwenye manyoya ya mgongoni. Lo! Mifupa mitupu. Nikamshika mwingine, na mwingine. Wote kumi na mmoja wenye mimba walikuwa hivyo hivyo, manyoya juu, mifupa chini.

Mjinga mimi! Mbuzi hula majani ya vichaka, nyasi zikiisha hawana habari. Kondoo hutegemea nyasi, na akikonda manyoya yanamfichia siri. Mimi nikawa nawatazama mbuzi tu. Miaka thelathini nilimcheka mwanamke aliyekuwa akiniokolea mifugo kwa vidole.

Sikuwa na subira ya kutafuta ufunguo wa lango la bonde. Nilikata seng'enge kwa koleo, wakaingia bondeni, wakala mpaka jioni. Kumi walipona. Yule kipenzi nilimpelekea nyasi mdomoni, akazinusa tu, akafa na mwanawe tumboni. Nililia kwa sauti, kwani nani angenisikia?

Jumapili simu ikaita.

"Baba, u mzima?"

Nilikuwa nimeingiza mkono ndani ya koti langu zito, kwenye mbavu. Zilikuwa zinahesabika, moja moja.

"Sijui, mwanangu. Kwa kunitazama, utasema mzima. Njoo unishike."