Kadi za Chupa ya Matango

“‘Mfuga Nyuki ni mtamu,’” Dobrawa alisoma, “‘lakini mwambieni mwandishi vitabu vitano vimetosha. Rafu yangu imepinda, na mke wangu amenuna.’”

Chumba kizima kikaangua kicheko. Watu kumi na mmoja walikuwa wamebanana kwenye chumba cha chini, chini ya duka la michezo la pani Halszka, yaani Bi Halszka, Jumapili ya mvua mjini Toruń, Poland, dadu zimezagaa mezani kama mbegu. Bogumił Wrona naye alicheka. Alicheka kwa meno ya mbele tu.

Walicheza mchezo wa hadithi wa mezani: kila mmoja huigiza mhusika mwenye fani yake, dadu huamua yatakayompata, na kanuni za fani huandikwa vitabuni. Desturi ya pale ilikuwa moja, na haikuwa na huruma. Mkimaliza kujaribu fani mpya ya mhusika, kila mchezaji huandika maoni yake kwenye kadi, bila jina, na kuitumbukiza kwenye chupa kubwa iliyowahi kuwa ya matango ya chumvi. Kisha mwandishi wa fani hiyo hutia mkono chupani na kuzisoma mwenyewe, kwa sauti, matusi na yote. Haruhusiwi kujibu. Ukijibu hata neno moja, unaosha glasi za chai za watu wote. Chupa ilishaoshwa mara hamsini, lakini kadi bado zilitoka zikinuka matango.

Kwa kuosha glasi, Bogumił ndiye aliyekuwa bingwa.

Alikuwa na miaka arobaini na minne. Siku za kazi alikaa dirisha la tatu la posta, akipima vifurushi na kugonga mihuri. Jioni alimwandika Mlinda Kivuko. Mlinda Kivuko ni fani ya mtu anayekaa kando ya mto na kuwavusha mashujaa, na Bogumił alikuwa ameshamwandika miaka mitatu. Amempunguzia nguvu, akamwongezea, akambadilisha kasia, akamnyima kasia, akamrudishia. Watoto wamezaliwa, wamebatizwa na kuanza shule ya chekechea, Mlinda Kivuko bado anatengenezwa.

Ndipo akaja Dobrawa. Miaka ishirini na sita, nywele fupi, kalamu nyuma ya sikio. Ndani ya mwaka mmoja alitoa vitabu vitano vya fani, vyote vikichapishwa na duka la pani Halszka. Vitano! Kila miezi miwili mzigo ulikuwa ukitua posta, na unadhani ulitua dirisha la ngapi?

“Habari za asubuhi, pan Bogumił! Leo ni thelathini na nane tu.”

“Thelathini na nane,” angejibu Bogumił, na kuanza kupima. Aligonga muhuri juu ya jina la Dobrawa lililoandikwa kama mtumaji, mara thelathini na nane, na muhuri wake siku hizo ulisikika mpaka mtaa wa pili. Akimaliza, aliikunja risiti mara tatu, akapitisha ukucha wa dole gumba kwenye kila mkunjo mpaka karatasi ikalala kama imepigwa pasi, akampa. Hiyo ilikuwa mikono ya miaka kumi na tisa kazini. Hakujua hata kama anafanya hivyo.

Wivu hauna kazi ya mshahara, kwa hiyo hupata muda wa kutosha. Wa Bogumił ulianza kuandika kadi. Kila Jumapili, hata siku ambayo fani iliyojaribiwa haikuwa ya Dobrawa, kadi moja ilitoka chupani ikilalamika: *Vitabu vinakuja haraka mno. Hatujamaliza cha kwanza, cha nne kiko mlangoni. Tupumzisheni.* Mwanzo ilikuwa yake peke yake. Lakini neno likisemwa mara nyingi kwenye chumba kidogo, hupata miguu. Wengine nao wakaandika hivyo hivyo, na ukweli ni kwamba rafu zao zilikuwa zimepinda kweli.

Ndiyo maana, Jumapili hiyo, kabla ya chupa kufunguliwa, pani Halszka alikuwa amesimama na daftari lake.

“Nimewasikia,” alisema. “Mmelia, nimewasikia. Kitabu cha majira ya kuchipua ndicho cha mwisho. Baada ya hapo hatutoi kitu miaka miwili.”

Makofi. Bogumił alipiga makofi kuliko wote.

“Na kitabu chenyewe kimebakiwa na kurasa kumi na sita. Fani moja. Ni Mfuga Nyuki wa Dobrawa au Mlinda Kivuko wa Bogumił. Jumapili ijayo tunapiga kura.”

Mikono ya Bogumił ilibaki hewani, kofi la mwisho halijapigwa. Miaka miwili! Alikuwa ameomba mlango ufungwe, nao ukafungwa, na yeye alikuwa bado nje na kasia lake.

Kwa hiyo, wenzake walipokuwa wanaandika maoni juu ya Mfuga Nyuki, Bogumił alijikunyata pembeni kuandika kadi ya kuua. Alianza vizuri: *Fani hii haifai.* Hapo angeacha. Lakini mtu aliyekaa miaka mitatu na fani moja hawezi kuacha hapo. Mkono ulijiendea wenyewe, akageuza kadi, akaandika mpaka kwenye pembe. Akaikunja, akaitumbukiza.

Sasa Dobrawa aliitoa. Ilikuwa ya mwisho. Aliikunjua taratibu.

“‘Fani hii haifai,’” alisoma. “‘Mfuga Nyuki ana nyuki mia na hawapungui. Akitaka kuchunguza, nyuki. Akitaka kupigana, nyuki. Sisi wengine tumekuja kumtazama. Bibi yangu alifuga nyuki kule Kujawy, na kwetu nyuki hafi kama mbuzi, hufariki kama mtu, na mtu humwambia mzinga pole. Hawa wako hawafariki. Kisichofariki nani atakililia? Weka dadu kumi na mbili mezani, kila dadu nyuki mmoja. Akiuma, dadu irudi mfukoni, haitoki tena mpaka majira yaishe. Na asali isimponye yeye mwenyewe. Iwaponye wenzake tu.’”

Dobrawa alibaki ameishika kadi. Aligeuza mbele, akageuza nyuma, kisha akapitisha kidole kwenye mkunjo.

“Duh,” alisema Remigiusz, dereva wa tramu mwenye tumbo la kirafiki. “Huyu kamla mtu na mifupa.”

“Naruhusiwa kuiweka?” Dobrawa akamwuliza pani Halszka.

“Kadi ya mwandishi ni ya mwandishi.”

Akaiweka kwenye mfuko wa shati. Bogumił alisikia raha moyoni, raha ya mtu aliyekwangua kidonda.

Ikaja zamu yake. Alitia mkono chupani.

“‘Nilikuwa Mlinda Kivuko saa mbili,’” alisoma. “‘Wenzangu walivuka, wakapigana na joka, wakaoa. Mimi nilikula vijiti vya chumvi pakiti nzima.’” Akatoa nyingine. “‘Mhusika wangu alikuwa kijana fani hii ilipoanza kuandikwa. Sasa ana wajukuu.’”

“Jamani, huo ni uonevu!” Bogumił akafoka. “Subira ndiyo nguvu yake! Ukisoma ukurasa wa tisa…”

“Glasi!” chumba kizima kikaitika kwa furaha.

“Boguś, maji ya moto yako tayari,” akasema Remigiusz, akilifupisha jina lake kirafiki. “Na yangu ina mbegu ya limau, uitoe vizuri, kaka.”

Jumapili iliyofuata Dobrawa alikuja na dadu kumi na mbili za njano ndani ya kifuko cha kitambaa. Alizipanga mezani mbele ya Remigiusz, aliyepewa Mfuga Nyuki. Hakueleza mengi.

“Nyuki akiuma, dadu inarudi kwenye kifuko. Haitoki tena.”

Bogumił alihisi masikio yakimwaka. Alikaa upande wa pili wa meza, mhusika wake wa siku hiyo akiwa askari mlevi, akatazama wazo lake likitembea kwa miguu ya mtu mwingine.

Nyuki kumi na wawili. Ngomeni wakabaki saba. Kwenye msitu Remigiusz alisita, akaumauma mdomo, akatumia wawili tu. Watu waliokuwa wakimtazama kwa kuchoka wiki iliyopita sasa walimsogelea. “Usimtumie! Ngoja, mimi nitaingia na upanga!” “Mwache, bado mmoja huyo!” Askari mlevi wa Bogumił alichomwa mkuki tumboni, na hapo Remigiusz, mzee mzima wa tramu, akaitazama dadu ya mwisho ya njano, kisha akamtazama Bogumił.

“Nampeleka,” alisema. “Ukipona, Boguś, umshukuru huyu.”

Akaichukua dadu kwa vidole viwili, akaiinamia na kuinong’oneza kitu, akaitia kifukoni. Mtu mmoja alipenga kamasi. Askari mlevi akapona, na Bogumił, Mungu amsamehe, kimoyomoyo akaiambia ile dadu pole.

Kura zilikuwa tisa kwa mbili. Moja ya Mlinda Kivuko ilikuwa ya Bogumił mwenyewe. Ile nyingine hakuijua ni ya nani. Alikwenda kuosha glasi bila kuamriwa, maana kwenye sinki mtu huupa umma mgongo.

Jumatatu Dobrawa alikuwa dirisha la tatu.

“Habari za asubuhi, pan Bogumił. Leo ni kimoja tu.”

Kilikuwa kifurushi cha kwenda kiwanda cha uchapaji: zile kurasa kumi na sita za Mfuga Nyuki. Bogumił alikipima, gramu mia mbili na kumi. Akagonga muhuri, safari hii polepole, kama mtu anayefunga jicho la maiti. Akaikunja risiti mara tatu, akapitisha ukucha, akaisukuma chini ya kioo.

Dobrawa hakuichukua mara moja. Alitoa kwenye mfuko wa shati kadi moja chakavu, akailaza kando ya risiti. Mikunjo mitatu, na mikunjo mitatu. Zilikuwa ndugu wa tumbo moja.

Damu ilimpanda Bogumił mpaka kwenye upara. Alifungua mdomo.

“Usijibu,” Dobrawa akasema. “Sina glasi za kukuoshesha hapa.” Kisha akasukuma chini ya kioo kadi nyingine, mpya, nayo imekunjwa mara tatu, vibaya vibaya, mikunjo imekwenda upande. “Ile kura ya pili ilikuwa yangu. Hii nilishindwa kuitia kwenye chupa, ilikuwa ndefu.”

Akasogea kwenye meza ya kujazia fomu, kule ukumbini, akaanza kuhangaika na koti lake.

Bogumił alikunjua. Maandishi yalijaa mbele na nyuma, mpaka kwenye pembe. Sentensi ya kwanza ilisema: *Mlinda Kivuko wako anawavusha watu wote, lakini yeye mwenyewe hana sababu yoyote ya kuvuka. Ng’ambo kuna nini anachokitaka?*

Alitaka kusema ukurasa wa tisa. Badala yake aliisoma tena.

“Pan, tuko hapa tunazeeka,” alisema mama mmoja kwenye foleni, amekumbatia boksi la mtungi wa jamu.

“Dakika tano, pani.”

Aligeuza kibao cha dirisha, upande wa “Limefungwa” ukatazama nje. Mwisho wa kaunta palikuwa na ubao wa kunyanyua, unaotenganisha wafanyakazi na ukumbi. Miaka kumi na tisa aliingia na kutoka kwa mlango wa nyuma; ule ubao ulitumiwa na fundi wa mitambo ya kupasha joto tu. Kule ukumbini Dobrawa alikuwa amepata mkono mmoja wa koti na anautafuta wa pili.

Bogumił aliitia kadi mfukoni, akashika ukingo wa ubao. Bawaba zilikuwa kavu. Zililia, na foleni nzima ikageuka kutazama.