Kikaango cha Mama Dhiren

Stilwaya ya pili ilikuwa imeanza kukatikakatika mkononi, lakini Method hakuacha. Alimimina sabuni tena, akasugua, na kila maji yalipotoka meusi alizidi kufurahi. Kikaango kilikuwa cha chuma cha kusubu, kizito hata mkono mmoja haukitoshi, na weusi wake ulikuwa umeganda tangu zamani. Bukoba alikokulia, chombo cha jirani hurudishwa kinang'aa, na hakirudishwi kitupu. Hayo mawili hayana mjadala, hata kama uko ughaibuni, Ilford, hata kama ni Januari na barafu imetanda kwenye kioo cha dirisha.

Shukrani ilikuwa imemjaa mpaka kooni. Kazi yake ni kutunza wazee wa watu: anawaogesha, anawavisha soksi, anawalisha. Desemba nimonia ikamlaza yeye, wiki tatu nzima hospitalini, na kilichomnyima usingizi si kifua, bali kuku wake wanne uani. Nani angewapa maji, na maji yenyewe yanaganda?

Kumbe Mama Dhiren yupo. Jirani wa upande wa pili wa uzio, mjane wa miaka sabini na nne, mzaliwa wa Mwanza, Mhindi ambaye tangu azaliwe hajaonja nyama wala yai. Kila asubuhi alipenya palipovunjika ubao, sari imefunikwa na koti la marehemu mumewe, akawapelekea kuku maji ya uvuguvugu. Jioni akarudi kuvunja barafu. Akawapaka hadi vaselini kwenye upanga wa kichwani, wasiumwe na baridi. Kuku ambao hata mayai yao hayali! Na baridi hii wala hawatagi.

Siku Method aliporudi, mama huyo alimletea viazi vya jira ndani ya kikaango hicho, kimefungwa blanketi, na vilifika vikiwa bado vinachemka.

"Kula, Method. Umebaki mifupa."

Basi sasa kikaango kilikuwa cheupe kama shilingi mpya. Method akajisifu. Akamenya ndizi mbichi, akazipanga humo na maharage, nyanya na tui la nazi, bila tone la mafuta ya mnyama, akafunika. Alipofunua, loo! Ndizi zilikuwa nyeusi ti, kana kwamba zimepikwa kwa wino. Akaonja. Zilikuwa na ladha ya msumari.

Mlango wa nyuma ukagongwa.

"Hodi! Nimewaletea wasichana wangu wa uani majani ya kabichi."

"Karibu, Mama. Shikamoo."

"Marahaba." Mama Dhiren akaingia, akaona kikaango juu ya jiko, akasimama. "Umekiosha na nini?"

"Na sabuni, Mama. Na stilwaya. Kilikuwa na uchafu wa siku nyingi."

"Ule haukuwa uchafu." Sauti yake ilishuka. "Ule ulikuwa mkono wa mama yangu. Tulipotoka Mwanza tulibeba begi mojamoja, yeye akaacha nguo zake akabeba chuma hiki. Kila akimaliza kupika anakipaka mafuta kidogo, yanagandia chuma, chakula kisishike. Alipokufa nikaendelea mimi. Miaka yote hiyo, Method, wewe umeimaliza asubuhi moja."

Method akazima jiko. Alimwaga ndizi, akakikausha kikaango, akamkabidhi kwa mikono miwili. Mama Dhiren akakikumbatia kifuani akaondoka.

Siku mbili Method hakula vizuri. Heri nimonia, alijiambia, maana nimonia ina dawa. Kuku nao walisimama pale penye ubao uliovunjika, wanachungulia upande wa pili. Angepata wapi mama mwingine kama yule katika mji huu?

Siku ya tatu, asubuhi, sauti ikavuka uzio.

"Method! Unajificha nini? Njoo. Uje na mikono yako."

Jikoni kwa Mama Dhiren oveni ilikuwa imeshawaka. Kikaango kilikuwa mezani, kimeota kutu nyekundu kidogo pembeni. Alimwonyesha vidole vyake, vilivyopindwa na baridi yabisi.

"Havikazi kitambaa tena. Utapaka wewe."

Method akachovya kitambaa kwenye mafuta ya alizeti.

"Kidogo! Kidogo, jamani! Hiki ni chuma, si kichwa cha mtoto! Sasa futa, mpaka udhani hujapaka kitu."

Wakakifudikiza ndani ya oveni, saa nzima. Wakakitoa, kikapoa, akapaka tena, akafuta tena. Mara ya tatu Method akajikaza.

"Nisamehe, Mama. Nilitaka kukushukuru tu."

"Najua. Ndiyo maana nimekununia siku mbili tu. Angekuwa mwanangu Dhiren, mwaka mzima!" Akacheka, kisha akatazama mvuke kwenye dirisha. "Nikuambie kitu. Tangu baba Dhiren afariki nilikuwa naamka, nakaa na chai yangu, basi. Wiki zile tatu kulikuwa na wanne wananisubiri. Nilikuwa na sababu ya kuvaa viatu. Ahsante ni yangu mimi, mwanangu."

Method akafuta macho kwa mkono wenye mafuta, akasingizia joto la oveni.

Saa tisa jua lilikuwa limeanza kwenda zake. Kikaango kilikuwa na rangi ya chai ya maziwa iliyokolea majani, bado mbali na weusi wa zamani. Mama Dhiren akasukuma chapati mbili. Ya kwanza ikang'ang'ania chuma, ikachanika, nusu ikaungua. Method alitaka ardhi immeze.

"Hiyo wala si yetu," Mama Dhiren alisema, akiikwangua. "Kwetu chapati ya kwanza ni sadaka ya ng'ombe. Mama yangu hakuila hata siku moja."

"Ng'ombe tutampata wapi Ilford, Mama?"

Mama Dhiren alikuwa ameshaanza kuvaa buti, chapati iliyochanika mkononi. Kupitia dirishani Method alimwona akipenya kwenye uzio, sari imepandishwa magotini, na kuku wakimkimbilia juu ya nyasi zilizokauka kwa barafu. Akawa anaimega na kuwatupia.

"Ya pili ni yako!" alipaza sauti bila kugeuka. "Usiiunguze!"

Method akaiweka kwenye chuma. Akasubiri, akapitisha ncha ya kisu chini yake, polepole, kuona kama itaachia chuma.