Kisanduku cha Kugonga

Mimi si mtu wa mizimu. Nasema mapema ili mtu asije akanicheka mwishoni. Kazi yangu ni kuchora. Kila shughuli ya kiwandani ina mchoro wake kwenye kompyuta, visanduku na mishale, kisanduku kimoja hatua moja, na wafanyakazi wanaufuata kwenye skrini zilizo ukutani. Kisipokuwepo kisanduku, hakuna anayefanya hiyo hatua. Ndivyo tulivyowazoesha.

Kampuni yetu iliponunua kile kiwanda kidogo cha mafuta ya kupikia, bosi alinipa michoro miwili ya kusafisha tangi, wetu na wao. "Iunganishe iwe mmoja," alisema. "Ijumaa asubuhi wanasafisha, nataka wafuate huo." Hakujua, au alijisahaulisha, kwamba ule wa kwao aliuchora kaka yangu, na kwamba kaka yangu alifia ndani ya tangi hilohilo.

Waoshaji wa pale wana mtindo wao. Mmoja hutangulia kutoka, akawasainia wenzake wote karatasi ya kutokea, ili wawahi chai. Siku ile kaka alikuwa ameingia kukagua kona moja isiyotakata. Saini zikatimia, yake ikiwemo. Mlango ukafungwa, mvuke wa moto wa kusafishia ukafunguliwa. Ripoti ikaandika: saa mbili na dakika kumi asubuhi, bahati mbaya. Bahati mbaya, eti! Hadi leo nikilisikia hilo neno damu inanichemka.

Jumatatu nikaifungua michoro yote miwili, nikailaza ubavu kwa ubavu. Ilifanana karibu kila mahali. Tofauti ilikuwa moja tu. Kwenye mchoro wa kaka, kati ya "Hesabu saini" na "Fungulia mvuke", kulikuwa na kisanduku hiki: "Gonga mlango mara mbili. Subiri." Pembeni yake jina la kaka.

Nilimkasirikia, Mungu anisamehe. Kumbe alijua! Alijua, akachora kabisa, na siku yake hakuna aliyemgongea. Nilienda chooni nikalia, nikanawa uso, nikarudi nikamuuliza bosi.

"Toa," alisema bila hata kuinua kichwa. "Saini zinatosha."

Nikatoa. Nina kodi ya nyumba na sina ubavu wa kubishana na bosi.

Jumanne, saa mbili na dakika kumi asubuhi, kisanduku kikarudi.

Mwanzoni sikushtuka. Programu yetu inalinganisha nakala zote za mchoro, na nakala moja ikiwa na kitu ambacho nyingine haina, haijui kama huku kimefutwa au kule kimeongezwa. Mahali fulani pana nakala ya zamani, nikajiambia, ndiyo inayokirudisha. Nikafuta. Jumatano, saa ileile, hiki hapa tena, na kando ya jina la kaka kile kijitaa cha kijani kinachoonyesha kwamba mtu yupo kazini.

Jamaa wa meza ya pili akachungulia. "Naona kakako ana bidii kuliko wewe."

Nilimrushia kifuniko cha kalamu. Akaomba radhi, nikarudi kwenye skrini.

Alhamisi nilikifuta saa mbili kamili, nikakaa kukitazama. Dakika ya kumi ilipofika, kisanduku kikajichora, na maneno yakaingia herufi moja moja, kama mtu anayeandika kwa kidole kimoja. Kaka alikuwa akiandika kwa kidole kimoja. Mtandao mzito, nikajisemea, mtandao mzito tu, na nilisema kwa sauti maana jamaa aligeuka kunitazama.

Ndipo nikakumbuka laptopu ya kaka, iliyobaki kwa mama; huenda ile nakala ya zamani imo humo. Nikapiga simu.

"Mama, ile kompyuta ya kaka huwa unaiwasha?"

"Kila asubuhi, mwanangu. Nikimaliza chai naiwasha, inaunguruma pale mezani. Naona kama yuko kazini."

"Saa ngapi?"

"Saa mbili hivi."

Lo, nilivyoshusha pumzi! Kumbe ni mama na upweke wake. Nikaona aibu, nikacheka peke yangu, na usiku ule nikalala usingizi wa pono.

Ijumaa nikaamka mapema, nikakifuta kisanduku kwa mara ya mwisho, nikautuma mchoro kiwandani. Kisha nikaenda kwa mama kuizima ile mashine kabla haijaharibu tena.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona mapema hivyo? Usije ukaniambia umefukuzwa kazi."

Laptopu ilikuwa juu ya kitambaa cha kufuma, imefutwa vumbi kuliko kitu chochote mle ndani. Mama alikuwa ameshaiwasha. Nikafungua mchoro. Ulihifadhiwa mara ya mwisho jioni ya mwisho kabla ya kifo cha kaka, na tangu hapo hakuna aliyeugusa. Nikatafuta "Hesabu saini". Mshale ulitoka pale ukaenda moja kwa moja hadi "Fungulia mvuke". Katikati hapakuwa na kitu.

Nikaangalia tena. Hapakuwa na kitu. Kaka hakuwahi kukichora kile kisanduku maishani mwake.

"Mama, intaneti ya hii unaweka wewe?"

"Intaneti gani? Kifurushi kiliisha siku za msiba. Nani akiweke?"

Saa ya ukutani ilisema saa mbili na dakika saba. Nikampigia msimamizi wa zamu, ambaye kiwanda kizima kinamwita Nyapara, nikaweka sauti ya nje.

"Mmeshafunga tangi?"

"Tumefunga, dada. Saini sita kwa sita. Nafungulia mvuke sasa hivi."

"Usifungulie! Gonga mlango kwanza."

Akacheka. "Mchoro wako hausemi kugonga."

"Nasema mimi! Gonga mara mbili, unyamaze, usikilize. Tafadhali, kaka yangu, nakuomba."

Sijui ni neno gani lililomgusa. Nilimsikia akihema, akitembea, kisha chuma kikalia: ngo, ngo. Halafu kimya. Mama alikuwa amesimama nyuma yangu na kikombe chake, hapumui.

Kutoka ndani ya lile tangi, kwa mbali, kikajibu: ngo, ngo.

"Mtume!" Nyapara alipiga kelele. "Kuna mtu! Leteni spana! Leteni spana!"

Mama akaangusha kikombe. Akaninyang'anya simu, akaishika kwa mikono miwili mdomoni.

"Mfungulieni mwanangu," alisema. "Jamani, mfungulieni mwanangu."

Walimfungulia. Alikuwa mwoshaji mmoja, baba wa watoto wanne, aliyerudi ndani kufuata brashi yake wakati mwenzake akimsainia. Alitoka anakohoa, mzima.

Mama aliniangalia, machozi yanamtiririka, uso umemkunjuka kama ambavyo sijauona tangu msiba.

"Wamemtoa?"

"Wamemtoa, mama," nilisema, nikainama kuokota vipande vya kikombe.