Kiitikio Kabla ya Wakati Wake

Basi lilikuwa limeshaanza kurudi nyuma, kondakta akilipigapiga ubavuni kwa kiganja, na Kijiti alikuwa amebana pua kwenye kioo kama alivyofanya tangu utotoni. Akaonyesha vidole kumi, halafu viwili. Saa kumi na mbili jioni. Fundi akaitikia kwa kichwa. Basi likakata kona, naye akarudi kwenye cherehani yake akiwa na mkoba mtupu uliobeba chakula cha safari.

Kijiti alikuwa mtoto wa dada yake, mwembamba kama jina lake, na alikuwa anakwenda chuo cha uuguzi kwa miaka mitatu. Ndiye aliyemtia Fundi, mwanamke mtu mzima wa miaka arobaini na saba, katika mambo ya Wale Watano, vijana wa Korea wanaoimba na kucheza kana kwamba wamekatwa kwa patani moja ya nguo. Majina yao yalimshinda Fundi, akawabatiza upya. Meno, mwenye kicheko kipana, alikuwa kipenzi chake. Mpole alikuwa wa Kijiti.

Walikuwa na desturi yao. Video mpya ikitoka, mara ya kwanza hutazamwa na wote wawili, kwenye meza ya kukatia, mkasi umewekwa chini, hakuna kusema neno mpaka iishe. Kisha kila mmoja anageukia ukutani, anaandika alama kati ya kumi kwa chaki kwenye kipande cha kitambaa, wanafunua pamoja. Katika miaka minne hakuna aliyewahi kumtangulia mwenzake. Fundi alipolazwa kwa ajili ya kidole tumbo, Kijiti alikaa siku tatu bila kufungua video iliyokuwa inaimbwa mtaa mzima, akimngoja.

Sasa nyingine ilikuwa inatoka mchana huu, Kijiti akiwa njiani kusiko na mtandao. Wakakubaliana: akifika bwenini watapigiana simu na kubonyeza pamoja.

Saa nane jirani wa duka la viatu akachungulia.

"Fundi, wanao wametoka."

"Nimesikia."

"Mbona hutazami?"

"Nina sketi thelathini za shule hapa."

"Sketi zina miguu? Zitakukimbia?"

"Nenda kauze ndala, bwana."

Jirani akaondoka akicheka. Fundi akashona pindo moja, la pili, la tatu. La nne likamtoka upogo. Akajiambia atatazama picha ya mwanzo tu, asikie mlio unavyoanza, basi. Akaiegemeza simu kwenye boksi la nyuzi.

Mwanzo haukumpendeza: ngoma kavu, kama mtu anayegonga bati. Lakini ngoma zikanyamaza ghafla, pakawa kimya, halafu kiitikio kikaingia na Meno akatokea katika stesheni tupu ya treni, koti jeupe, mabega yametariziwa kwa uzi wa fedha. Karibu video yote ilikuwa yake. Fundi akaisikia furaha ikimpanda mpaka kooni. Ilipoisha akairudia. Akairudia tena. Mara sita, na pasi ikiwaka bure pembeni.

Alipoizima ndipo aibu ikamshika. Akapanga sketi zilizokuwa zimeshapangwa.

Saa kumi na mbili kasorobo simu yake ndogo ya vitufe ikalia.

"Mamdogo, nimefika. Godoro jembamba kuliko mimi."

"Afadhali, limepatikana la saizi yako."

Kijiti akacheka. "Hujachungulia?"

"Nichungulie nini, mwanangu? Tulikubaliana."

"Haya. Moja, mbili, tatu."

Wakabonyeza. Fundi akaishika simu ndogo sikioni na kuikodolea macho ile kubwa yenye video. Sasa akamwona Mpole. Alikuwa nyuma kabisa, ameshika mwavuli, amegeuza mgongo. Alipogeuka kuimba mstari wake mmoja, koti lilimpwaya, mshono wa bega umeshuka karibu na kiwiko, mikono ya koti imefunika vidole. Halikupimwa kwake lile. Yeye, mshonaji wa miaka ishirini kazini, alikuwa ameitazama picha hiyo mara sita asilione koti hilo.

Wasiwasi ukamwingia, na ukimwingia huwa anaimba puani, kama anapopitisha kitambaa kigumu chini ya sindano. Ngoma zikanyamaza. Katika kile kimya sauti yake peke yake ikaanza kiitikio, bila kukosea, kabla vijana hawajafungua midomo.

Upande wa pili Kijiti akasimamisha video.

"Mamdogo."

"Jirani anaipiga dukani kwake tangu mchana," Fundi akasema upesi. Akaukumbuka mkono wa Kijiti juu ya kitanda cha hospitali. "Hapana. Jirani hajapiga kitu. Nimetazama."

"Mara ngapi?"

"Sita."

"Na Mpole umemwona mara zote sita?"

"Sikumtafuta."

Nyuma ya Kijiti wasichana walikuwa wanavuta vitanda vya chuma sakafuni.

"Umeipa ngapi?"

"Tisa," Fundi akasema. "Mpaka sasa hivi ilikuwa tisa."

"Mimi sijaimaliza," Kijiti akasema. "Pumzika, mamdogo. Tumeitwa kula."

Baada ya miaka mitatu Kijiti alihitimu, akawa muuguzi wa wodi ya wazazi, akaolewa na dereva wa gari la wagonjwa. Video zilizofuata alizitazama kwanza na wenzake wa bwenini, ndipo akamtumia Fundi. Mpole aliondoka kundini mwaka mmoja baada ya video ile na haonekani tena. Meno anaimba peke yake. Vile vitambaa vya alama Fundi alivitumia kujaza mto. Jirani anauza ndala bado. Zile sketi thelathini zilichukuliwa Jumatatu iliyofuata siku ile, na moja ikarudishwa kwa sababu pindo lilikuwa upogo.